Kabati la Mkate, Askari wa Jikoni

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Chakula kilichokwisha kupikwa nacho ni mali, tena ni mali iliyogharimu fedha, kuni na jasho la mama wa nyumba. Kisipowekewa mlinzi hupotea vivyo hivyo bila habari: panya huchukua chake, sisimizi huchukua chao, na kile kinachobakia hutembelewa na nzi kabla ya kufika mezani. Kila mama aliyepata kukaa katika kota za askari analijua jambo hili. Nyumba ni ndogo, majirani wamebanana ukuta kwa ukuta, jaa la taka haliko mbali, na vyoo ni vya watu wengi.

Mwaka 1964, katika kambi moja ya polisi mjini Jinja, koplo mmoja kijana alinunua kabati kutoka kwa ofisa Mwingereza aliyekuwa akifunga mizigo yake kurudi kwao. Uhuru wa Uganda ulikuwa umepatikana tangu mwaka 1962, na maofisa wa namna hiyo walikuwa wakiondoka mmoja mmoja, wakiuza viti, vitanda na vyombo kwa bei ya kutupa. Kabati lenyewe halikuwa la fahari. Kimo chake kilimfikia mtu kifuani. Lilikuwa na miguu minne mirefu, rafu tatu, mlango mmoja, na badala ya mbao ubavuni na mlangoni lilikuwa na wavu wa waya mwembamba. Hewa iliingia na kutoka, lakini nzi hakupita. Chini ya kila mguu paliwekwa kopo lenye maji na matone machache ya mafuta ya taa, ili sisimizi wasipate njia ya kupandia.

Mke wa koplo yule alikuwa mwokaji hodari. Hakuwa na jiko la kizungu. Alioka mikate yake kwa makaa, mengine chini ya sufuria na mengine juu ya kifuniko, akijua kwa kunusa tu ni lini mkate umeiva. Jumanne na Ijumaa jioni alioka, na alfajiri aliwauzia askari waliotoka lindo la usiku. Fedha hizo ndizo zilizonunua sare na madaftari ya watoto. Kabati la wavu lilikuwa ghala lake, duka lake na benki yake.

KUKU WAPEWA KOTA

Mwaka 1969 koplo alipandishwa cheo akawa sajini, na katika furaha ya mistari mitatu begani alinunua jokofu kwa malipo ya kila mwezi. Lilikuwa jeupe, likinguruma kama paka aliyeshiba, na majirani walikuja kulitazama. Katika jiko dogo kama lile vyombo viwili visingeweza kukaa pamoja. Kabati la wavu lilitolewa uani. Msimu haukupita wavu ukatoboka, na kuku wakaingia wakataga mayai humo. Hakuna aliyelihurumia, kwa kuwa lilionekana kuwa chombo cha wakati uliopita.

Kisha ikaja miaka ya 1970, na bidhaa zikaadimika madukani. Jokofu liliharibika na kipuri chake hakikupatikana. Likasimama pale pale jikoni, jeupe na kimya, likiwekewa sahani juu. Mikate na viporo vikawa vinawekwa mezani chini ya kitambaa. Mwaka 1976 binti yao wa mwisho, mwenye umri wa miaka 6, akashikwa na homa. Siku ya tatu alikuwa hawezi kuinua kichwa. Hospitalini ikajulikana kuwa ni homa ya matumbo. Alilazwa karibu mwezi mzima, na kulikuwa na usiku mmoja ambao sajini, aliyezoea kusimama lindo kwa kazi, alisimama lindo kando ya kitanda hicho kwa sababu aliogopa kuketi.

Muuguzi mmoja alimwuliza mama, "Mama, nyumbani chakula kilichopikwa mnakiweka wapi?"

"Mezani, dada, chini ya kitambaa."

"Na nzi je?"

Mama hakujibu. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeweza kuapa ya kuwa ni nzi waliomletea mtoto ugonjwa ule. Huenda yalikuwa maji, huenda ilikuwa mikono isiyooshwa. Lakini swali lile liliingia moyoni mwake na halikutoka.

Mtoto alipona. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi nyumbani, sajini alivua shati, akatoka uani na kuanza kuwafukuza kuku.

"Afande," mkewe akamwambia kwa mzaha uliofunika machozi, "kuku watalala wapi?"

"Watatafutiwa kota nyingine," akajibu. "Hii ni kota ya mkate."

Alilisugua kabati kwa majivu na maji yaliyochemka, akalianika juani siku mbili. Wavu mpya haukupatikana mjini. Ndipo alipochukua madebe matupu, akayapasua, akayanyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, akayaosha, na kuyakata yatoshee mlangoni na ubavuni. Kisha kwa msumari na nyundo akayatoboa matundu madogo madogo, mamia kwa mamia, yaliyopitisha hewa lakini nzi asiweze kupenya. Maadamu matundu hayana budi kuwepo, aliona afadhali yawe na sura. Ubavuni akachora nyota kwa matundu. Mlangoni akajaribu kuchora korongo wa Uganda mwenye kishungi kichwani, akapata kitu kilichofanana zaidi na bata. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mgonjwa aliyepona ndiye aliyecheka kuliko wote, na baba yake hakulirekebisha bata lile hata siku moja.

UKOO WA MBALI WA KABATI HILI

Mwaka 2019, baada ya matanga ya bibi yule, ukoo ulikutana kugawana vyombo. Sufuria zilipata wenyewe, na viti vikapata wenyewe. Kabati lilibaki peke yake. Mjomba mkubwa akasema, "Mbao zimeliwa, bati limeshika kutu. Tulipasue tuchemshie chai, tuondoke." Mjukuu mmoja wa kike, mwalimu kwa cheti chake na mtumishi wa serikali kwa kazi yake, binti wa yule mtoto aliyeugua, akamwambia kwa adabu, "Mjomba, niachie mimi." Watu walimcheka, wakaliachia.

Miezi michache baadaye, katika kitabu cha picha za samani za kale za Marekani, mjukuu yule alifunua ukurasa akaona kabati la babu yake. Halikuwa lenyewe, bali lilikuwa la ukoo mmoja nalo: miguu mirefu, milango ya bati, na matundu yaliyotobolewa kwa mkono yakichora nyota. Chini ya picha paliandikwa kuwa ni kabati la kuhifadhia pai na mikate, kutoka jimbo la Virginia, la karne ya 19. Babu yake hakupata kusikia habari za makabati hayo. Mahitaji ya aina moja yalikuwa yamezaa dawa ya aina moja, mahali pawili palipotengwa na bahari na zaidi ya miaka 100.

Habari za makabati hayo ya Marekani zinafaa kujulikana. Yalianza kuenea mwanzoni mwa karne ya 19, hasa katika nyumba za wakulima. Katika nyumba hizo kuoka hakukuwa kazi ya kila siku. Tanuri lilikula kuni nyingi na kuchukua muda mrefu kupata moto, hivyo mama alichagua siku moja ya juma, akaoka mikate ya nyumba nzima, keki, na pai zenye matunda au nyama ndani. Ililiwa hata asubuhi pamoja na chai au kahawa. Basi mama huyo alihitaji mahali pa kuviweka vyote hivyo siku kadhaa. Akiviacha wazi, nzi na panya wangevimaliza. Akivifungia katika sanduku lisilo na hewa, unyevu ungevitia ukungu. Kabati lenye matundu lilijibu mashaka yote mawili kwa mara moja.

Seremala alitengeneza umbo kwa mbao zilizopatikana karibu naye, kama vile msonobari, mcheri au mjozi. Fundi bati alileta vipande vyake. Bati hilo lilikuwa chuma chembamba kilichopakwa madini ya stani, kama lile la madebe yetu, na kwa miaka mingi liliagizwa kutoka Wales, mpaka ushuru mkubwa wa forodha uliowekwa mwaka 1890 ulipowasukuma Wamarekani kujenga viwanda vyao. Kipimo cha kawaida cha kipande kilikuwa inchi 10 kwa 14, yaani sentimita 25 kwa 35 hivi, ambacho ni karibu sawa na ubavu wa debe. Kabati la kawaida lilikuwa na milango miwili, kila mmoja na vipande vitatu, na aghalabu vipande vitatu zaidi kila ubavu.

Fundi aliweka mchoro juu ya bati akaufuata kwa nyundo na msumari au patasi ndogo. Mara nyingi alitoboa kutoka ndani kwenda nje, ili makali ya tundu yaelekee nje. Ama kuhusu michoro, hapo ndipo kila fundi alipoonyesha moyo wake. Nyota, mioyo, duara, tai, na maua yote yamo. Wakazi wenye asili ya Kijerumani waliotoka Pennsylvania na kuteremka katika bonde la Shenandoah, jimboni Virginia, walipenda sana mapambo ya namna hiyo. Wilaya ya Wythe katika jimbo hilo ilipata sifa kwa michoro ya vyungu vya maua na matulipu. Mwaka 2014 makumbusho ya bonde hilo, yaliyoko katika mji wa Winchester, yalifanya maonyesho maalumu ya makabati hayo pekee.

Watu wengine nao walikuwa na vyombo vyao. Huko Provence, kusini mwa Ufaransa, mkate uliwekwa katika kizimba kizuri cha mti wa mjozi, chenye vijiti vilivyochongwa mviringo, kilichotundikwa ukutani panya asikifikie. Kwa hiyo chombo hiki si fahari ya taifa moja. Ni akili ya mama wa nyumba popote alipo.

NZI WENYE MIGUU MYEUPE

Pengine msomaji aliye askari atauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana, na ushahidi umo katika historia ya askari wenyewe.

Mwaka 1898 Marekani ilipigana na Hispania. Vita vilikuwa vifupi, na Wamarekani waliouawa na silaha za adui hawakufika 400. Lakini katika kambi za mafunzo, ndani ya nchi yao wenyewe, homa ya matumbo iliwaangusha askari zaidi ya 20,000, na zaidi ya 1,500 kati yao wakafa bila kumwona adui. Serikali iliteua madaktari watatu kuchunguza: Walter Reed, ambaye ni mzaliwa wa Virginia, Victor Vaughan na Edward Shakespeare.

Madaktari hao walizunguka kambi hadi kambi. Vyoo vilikuwa mashimo ya wazi yaliyomwagiwa chokaa nyeupe. Mahema ya kulia chakula hayakuwa mbali. Na juu ya chakula waliwaona nzi wenye miguu myeupe kwa chokaa ya vyooni. Baada ya hapo hapakuhitajika hotuba ndefu. Waligundua pia kuwa maofisa ambao mahema yao ya chakula yalikuwa na wavu waliugua kwa uchache kuliko wengine. Adui aliyeua wengi zaidi katika vita vile alizuilika kwa kipande cha wavu na choo kilichofunikwa.

Wala si kwamba akina mama wa Virginia walijua habari za vijidudu walipoweka pai zao nyuma ya bati, miaka mingi kabla ya uchunguzi huo. Walichukia nzi kwa sababu nzi ni mchafu, basi. Walitenda jambo la haki kabla ya sayansi kuwaeleza sababu yake.

KUSAHAULIWA NA KUTUKUZWA

Mwisho wa makabati ya Marekani unafanana na ule wa kabati la Jinja. Kwanza waya wa kiwandani ulishuka bei ukachukua nafasi ya bati la kutobolewa. Kisha yakaja makabati makubwa ya jikoni yenye droo na mapipa ya unga, kama yale ya kampuni ya Hoosier iliyoanza katika jimbo la Indiana mwaka 1899, ambayo yalikuwa na droo ya mkate iliyowekewa bati. Tangu mwaka 1927, lilipotoka jokofu la umeme la General Electric lililouzwa kwa wingi sana, makabati ya kale yalitupwa ghalani na verandani, yakatiwa makopo ya rangi na kamba za ng'ombe. Bila shaka kuku wa huko nao walipata kota humo.

Leo mambo yamegeuka. Makabati yale yale hununuliwa mnadani kwa maelfu ya dola, na wadanganyifu hutia bati jipya lililozeeshwa kwa dawa katika mbao za kale ili kuwanasa wanunuzi. Kitu kilichofaa kuni jana, leo kinalindwa kwa kufuli. Si vibaya kutunza vya kale. Lakini ingekuwa huzuni kama watu wangelistahi kabati kwa bei yake tu, wakasahau kazi iliyolifanya liwepo.

Wala haifai kulisifu kupita kiasi. Kabati la wavu halina baridi. Nyama, maziwa, mchuzi na keki yenye krimu haviwezi kukaa humo kwa usalama muda mrefu katika joto letu. Hivyo ni kazi ya jokofu, au viliwe siku ile ile. Lakini kwa mkate mambo ni kinyume. Mkate ukiwekwa katika ubaridi wa jokofu huwa mgumu upesi kuliko ukiachwa nje penye hewa safi na kivuli. Mandazi, chapati kavu, biskuti na mikate vinastarehe zaidi katika kabati lenye matundu. Kila chombo kina lindo lake, na kosa la nyumba ya sajini halikuwa kununua jokofu, bali kumwondoa mlinzi mmoja bila kuuliza alikuwa akilinda nini.

Nyumba inayotaka kujitengenezea kabati la namna hii haihitaji fundi wa ghali. Masanduku ya mbao yasiyo na harufu yanatosha. Miguu iwe mirefu kiasi cha sentimita 30 au zaidi, na kabati lisiguse ukuta, kwani sisimizi hupita ukutani maji ya makopo yakiwazuia chini. Maji hayo yabadilishwe kila siku chache, yasije yakazaa mbu. Wavu uwe wa matundu madogo, ule unaotumika madirishani. Bati likitumika, litoke katika debe la mafuta ya kupikia, kamwe si la dawa za kuulia wadudu. Mkate uwekwe ukiwa umepoa kabisa, maana mvuke wa mkate moto ndio mama wa ukungu. Rafu zisuguliwe kwa sabuni kila juma na kukaushwa juani, na makombo yasilale humo hata usiku mmoja. Mlango uwe na kitasa kinachokaza, kwa kuwa mlango uliofunguka ukubwa wa kidole umefunguka kwa nzi wote wa mtaa.

Kabati la sajini sasa limesimama katika jiko la mjukuu wake, kando ya jokofu linalofanya kazi. Mbao mbili zilizoliwa zimebadilishwa na seremala, kutu imesuguliwa, na juu ya rafu mna mikate ya Jumamosi. Mama yake, yule mtoto wa mwaka 1976, huja kumtembelea. Yeye hana maneno mengi juu ya chombo kile. Lakini kila apitapo jikoni, hata mara kumi kwa siku, huusukuma mlango wenye bata kwa kiganja ili kuhakikisha kuwa umefungwa.